Modem ya Kambo Rabia

Kamalondo, Lubumbashi
14 mwezi ya kwanza 2023

Mudogo yangu Yassine,

Asalam aleikum. Habari ya Liège, habari ya kazi, habari ya ile baridi yenu? Hapa tuko wazima, tunamushukuru Mungu. Magoti ya Kambo njo inasumbua kidogo, lakini mudomo yake haina ugonjwa, usiogope. Anakusalimia, na anauliza kama unakulaka bukari, ugali yetu, kule ao unadonoa tu mikate kama ndege.

Naandika barua juu ma-vocal yangu, ile sauti natumaka ku téléphone, unaisikilizaka mbio mbio, unasikia nusu, kiisha unajibu "sawa yaya". Leo mimi dada yako sitaki "sawa yaya". Soma yote.

Kambo amekubali! Mama ya baba yetu, ule alimufukuza na fagio bwana wa magnétophone, ile mashini ya kukamata sauti, wakati tulikuwa batoto, amekubali nikamate sauti yake. Nyimbo ya harusi na ya maulidi yenye mama yake alitoka nayo Kasongo, hakuna muntu mwingine hapa Kamalondo anaijua mupaka mwisho. Bale bamama benzake bote bamekufa, amebakia yeye.

Lakini unamujua, alitoa masharti. Sauti yake ikae mu nyumba. Alisema: "Ule bwana alikamata sauti ya bazee, akapanda nayo treni, mupaka leo haikurudia. Mwenye kutaka kunisikia akuye apige hodi." Kiisha akasema siku Mungu anamuita, nifunge sauti yake saa ile ile, mupaka arobaini ipite. "Sitaki niwe naimba harusi na bantu banalia mu parcelle, humu uani. Maiti ananyamazaka." Alikamata mukono yangu, hakuiachilia mupaka niliapa. Sasa ile ni amana, Yassine.

Nilizungusha hii maneno mu kichwa, kiisha nikapata. Tufanye site ya internet, lakini mashini yenye inaibeba ikae hapa hapa mu salon, sebule yetu, pembeni ya kabati. Claudine, binamu yetu wa Kipushi, atasikia ku téléphone, na wewe utasikia kule Liège, lakini kila muntu anaingia kwanza mu nyumba yetu. Na siku ya kufunga, nachomoa waya, imekwisha. Ile ordinateur yangu, ile kompyuta ya zamani, inaweza hii kazi?

Shida ni connexion, njia ya internet. Ku duka ya téléphone balinionyesha ka-modem kadogo ka carte SIM, banasema inatosha. Muntu mwingine anasema ningoje fibre, ile waya yenye imefika barabara kubwa tu. Jirani anasema antenne ku paa. Kila muntu na mudomo yake. Wewe njo ulisomea hii bintu, nisaidie kuchagua.

Yaya yako,
Rachida


Liège, 22 mwezi ya kwanza 2023

Yaya Rachida,

Aleikum salam. Niko muzima, baridi tu njo inataka kuniua. Muambie Kambo nilikula bukari jana, tena na mikono, mbele ya Wazungu, na macho iliwatoka.

Nimesoma yote mara mbili. Unaona, sikusema "sawa yaya".

Nitoe kwanza yenye iko mu roho. Bantu benye akili banalipa nafasi kidogo ku mashini kubwa ya huku, yenye haizimake hata siku moja, na site inatembea yenyewe. Kuweka server Kamalondo, na ile courant yetu, umeme ya kukatika kila siku, tunaijua! Haya basi, kama uliapa, uliapa. Mimi nani nibishane na Kambo.

Ka-modem ka carte SIM, achana nako. Kwa kusoma habari kako kazuri, lakini adresse yake ya internet haiko ya wewe peke yako, munaigawanya na bantu elfu. Ni kama unapanga chumba mu parcelle kubwa yenye mulango moja. Wewe unatoka na unaingia bila shida, lakini mugeni akipiga hodi, sentinelle, mulinzi wa mulango, hajui unalala chumba gani, anamurudisha. Na server inaishi juu ya bageni. Tena méga, ile bando ya internet, inakwisha: Claudine akisikiliza nyimbo tatu, mwezi yako imekufa.

Fibre ingekuwa mufalme, lakini unasema imepita ku avenue kubwa tu. Ukiingoja utazeeka.

Kwa hiyo ni antenne. Lakini usisaini mbio! Ubalombe adresse ya kudumu, yenye ni yako peke yako. Ubalombe mwezi yenye méga haina mupaka. Na uulize mwendo ya kutuma, Yaya, ya kutuma, juu bote banajisifuka na ya kupokea. Wewe unatoa sauti mu nyumba. Njia ya kutoka ikiwa nyembamba, Kambo ataimba akikwama kwama.

Modem nitaituma mimi. Nimepata moja ya volti kumi na mbili: courant ikienda, utaifunga ku batterie ya gari, na ikizimika inajiwasha yenyewe. Pierre, rafiki yangu wa kazi, anakuya Lubumbashi mwezi ya tatu, ataibeba. Jina ya site nitaliandikisha huku juu inalombaka carte ya banque. Na mashini nitaitengeneza toka huku huku, unifungulie tu njia ya kuingia.

Mubusie Kambo mikono.

Mudogo yako,
Yassine


Kamalondo, 9 mwezi ya ine 2023

Yassine mudogo yangu,

Asalam aleikum na Ramadhani karimu. Unafunga kweli kule, ao unasema uko safarini tangu miaka yote? Sisi tunafunga, Kambo pia, tulimukataza na akakataa kukatazwa.

Modem ilifika, Pierre aliileta. Lakini wee, kuifunga mu soksi zako! Kambo alisema tufue kwanza soksi, njo tutajua kama ndani kuna mashini ao panya.

Sasa sikia vita ya adresse. Ku bureau ya antenne bwana mumoja ananiambia: "Mama, adresse ya kudumu inalombwaka na makampuni ya mines, ya kuchimba shaba. Wewe utaifanyia nini?" Namujibu: "Nafungua mulango." Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikaa ku kiti mbele yake, nikatoa tasbihi. Aliniangalia, akaangalia tasbihi, akaona afadhali anipe.

Fundi wao, Aaron, kijana wa Kasai mwenye heshima, alipanda ku paa na antenne. Haikukamata. Kumbe ni avocatier ya jirani, muparachichi yake, njo inakinga pilône, ile munara ya kutuma! Nilikwenda kulomba wakate tawi moja, jirani anasema ile tawi njo inazaaka zaidi. Kambo mwenyewe alitoka na fimbo yake, akamuimbia ule bwana ubeti moja ya wimbo ya bibi harusi, ubeti ya kumusifu mume mukarimu. Tawi ilikatwa ile siku. Na Aaron, juu haiko muislamu, Kambo alimupikia bukari na samaki akamukalisha uani. Yeye mwenyewe na njaa yake anamuangalia akikula.

Na sasa inatembea, Yassine! Inatembea! Claudine alisikiliza toka Kipushi akapiga téléphone analia, anasema alisikia mupaka kikohozi ya Kambo kati ya nyimbo mbili.

Unajua kintu tunapendaka? Ile taa ya kijani ya mwisho ku modem. Aaron alitueleza kama inamemeta wakati kintu inapita. Basi Kambo anakaaka mbele yake kiisha sala ya alasiri, na kila ikimemeta anasema: "Karibu. Pita ndani, pita." Nilianza kumucheka, sasa na mimi nasemaka vile vile. Natoka jikoni na mikono ya unga, naona taa, nasema karibu. Nyumba imejaa bageni, na hakuna hata mumoja anakula sukari yetu.

Aksanti sana. Mungu akuzidishie.

Yaya yako,
Rachida


Liège, 30 mwezi ya munane 2023

Yaya,

Salam. Niko muzima, natumaini na nyinyi. Kambo magoti namna gani?

Sitazunguka. Site inakufa kila mara. Bantu bananiandikia mimi juu jina langu iko chini ya ukurasa. Juzi balinialika ku association, chama ya Bakongomani ba huku, nilisimama mbele ya ukumbi, salle yote, nikasema sasa mutamusikia kambo yangu, nikafungua, na hakuna kintu. Kaduara kanazunguka tu. Bantu baliguna. Muntu mumoja akasema, "Ni vile, bintu bya kwetu." Nilitamani ardhi inimeze.

Najua ni courant, najua batterie imechoka, najua mvua inasumbua antenne. Sikulaumu. Lakini niachie nihamishe huku. Kwa moyo moja, Yaya. Nani atajua?

Mudogo yako,
Yassine


Kamalondo, 6 mwezi ya kenda 2023

Yassine,

Salam. Tuko wazima.

Hapana.

Unauliza nani atajua. Mungu atajua, na mimi nitajua, na ile mukono Kambo alikamata ni yangu, haiko yako. Salle yako baliguna? Baambie bangoje. Mugeni akikuta mulango imefungwa anarudia kesho, havunji dirisha.

Nimelomba Aaron aniletee batterie ingine. Wewe fanya kazi yako ya kutengeneza, yangu ni kulinda.

Kambo anasema soksi zako ziko hapa, zinakungoja.

Yaya yako,
Rachida


Liège, 21 mwezi ya kumi na moja 2023

Yaya wangu,

Asalam aleikum. Ulikuwa na haki, na nisamehe ile barua. Nilikuwa na hasira ya salle.

Nimekesha ku hii maneno na nimepata dawa. Kulikuwa na kintu kimepangwa vibaya mu mashini. Nimeitengeneza toka huku, sasa site itatembea muzuri na haitasumbua. Wewe usiguse kintu. Ukipata sauti mupya, weka mu dossier ile ile, ile folda ya sauti, kama kawaida, bingine bitajifanya.

Muambie Kambo anaimba muzuri kupita redio.

Mudogo yako,
Yassine


Kamalondo, 18 mwezi ya pili 2024

Mudogo yangu mupenzi,

Asalam aleikum warahmatullahi. Habari yako, habari ya kifua? Pierre alisema ulikuwa unakohoa. Kunywa tangawizi, usikunywe ile maji ya rangi banauzisha kule.

Yassine, wee ni mwanaume! Tangu ulitengeneza, hakuna muntu amelalamika. Claudine anasikilizaka kila asubui akipika. Na taa inamemeta kuliko mbele, Kambo anachoka kusema karibu. Jana aliniambia: "Rachida, leo bamekuya wengi, sema nao kidogo na wewe, mimi nipumuzike."

Sasa keti chini. Muzee Hassani wa musikiti yetu amekubali kutoa sauti! Ule ule, mwenye hasalimie hata muntu wa redio ku njia. Alikuya hapa, akakunywa chai, akazunguka mashini kama mununuzi wa mbuzi. Akauliza: "Sauti inalala hapa?" Nikasema inalala hapa, Muzee. "Nikikuambia uifunge, unaifunga?" Nikachomoa waya mbele yake, taa ikazimika, nikarudisha. Njo akakaa. Alitoa dua zote za babu yake, na ile habari ya kaka yake yenye hakuisemaka kwa muntu. Alisema: "Naiacha mu mikono ya binti ya Abibu." Jina ya baba yetu, Yassine. Nilitoka inje kulia.

Kintu moja sikuelewa. Wiki iliyopita courant ilienda, batterie pia ikamalizika, modem ilikuwa giza kabisa tangu asubui. Nilimupigia Claudine kumulomba radhi. Anasema: "Radhi ya nini? Kambo anaimba hapa ku jiko yangu." Namna gani? Mimi naangalia mashini imekufa, yeye anasikia. Nielezee.

Yaya yako,
Rachida


Liège, 28 mwezi ya pili 2024

Yaya,

Salam. Kifua imepona.

Ile ya Claudine ni kintu kidogo. Téléphone inachungaka nyimbo yenye ulishasikiliza. Alikuwa anasikia ile ya ndani ya téléphone yake, haikutoka kwenu. Usijisumbue.

Nafurahi juu ya Muzee Hassani. Sauti yake iko ya pekee kweli.

Niko na kazi mingi hizi siku, nisamehe barua fupi.

Mudogo yako,
Yassine


Kamalondo, 11 mwezi ya munane 2024

Yassine,

Tulishalia pamoja ku téléphone siku Kambo alituacha, sitarudilia ile. Tulimuzika muzuri, bantu balikuwa wengi mupaka ku avenue. Nilielewa kama hukupata ndege. Ile nilikusamehe.

Leo naandika juu ya kintu ingine.

Alipokata roho nilikuwa pembeni yake. Nilimufunga macho. Kiisha, mbele ya kumuita hata muntu mumoja, niliingia mu salon nikachomoa modem. Waya wa antenne, waya wa batterie, yote. Nilisema: "Kambo, nimefunga." Nilikuwa nalia lakini roho ilitulia, juu ahadi yake nilikuwa nimeitimiza.

Siku ya tatu ya kilio, bamama bamekaa ku mikeka, bazee ku viti, shehe amemaliza kusoma, parcelle yote kimya. Na mu ile kimya nasikia Kambo anaimba. Anaimba wimbo ya kumutoa bibi harusi mu nyumba, na vigelegele ndani! Mawee! Mama mumoja aliruka akasema mzuka. Mimi nilizani nimepata wazimu. Kumbe ni Gaëlle, binti ya Claudine, mutoto mwenye adabu, alitaka tu kumusikia kambo yake, téléphone ikapiga sauti kubwa.

Nilimukamata mukono. Namuambia, ile ni ya ndani ya téléphone yako, uliisikilizaka zamani, sivyo? Anasema: "Hapana mama Rachida. Hii téléphone ni mupya, niliipata juzi. Sijaifunguaka hata mara moja, njo leo ya kwanza."

Nilikwenda mu salon. Modem imezimika, waya iko chini kama nilivyoiacha. Na inje Kambo anaendelea kuimba, juu mutoto alishikwa na woga hakujua kuzima.

Muzee Hassani alinifuata mupaka ku mulango ya salon. Aliangalia waya. Akaniangalia. Alikamata fimbo yake akatoka, na kilio haijaisha.

Hawa bantu bote banazani ni mimi. Banazani binti ya Abibu alimuapia kambo yake na akamufanya aimbe harusi ku kilio yake mwenyewe.

Nitakuuliza mara moja, na usiniletee tena habari ya téléphone inachunga. Kambo anaimbia wapi?

Yaya yako,
Rachida


Liège, 21 mwezi ya munane 2024

Yaya Rachida,

Nimeandika hii barua na kuipasua, sijui ni mara ngapi.

Anaimbia huku. Tangu mwezi ya kumi na moja ya mwaka iliyopita. Nilihamisha yote ku mashini ya kulipa, nikageuza jina ya site iangalie huku. Kwenu hakuna muntu anaingia tena tangu ile siku. Mashini yako inatuma ku yangu nakala ya kila kintu unaweka, usiku na mchana, ile tu njo inamemetesha taa.

Nilitaka nikuambie. Kiisha ukaandika ile barua ya furaha, ya Muzee Hassani, nikakosa mudomo. Nilisema nitangoja fibre ifike ku avenue yenu, nitarudisha kimya kimya, hakuna mwenye ataumia. Nilifanya juu nilimupenda, Yaya. Nilitaka asikiwe. Kule kwetu alikuwa anazimika kila siku, na huku bantu elfu balimusikia.

Iko na ingine, niseme yote. Mu mwezi ya tano balinilomba sauti juu ya maonyesho, mu nyumba moja kubwa ya makumbusho ya huku. Niliwapa. Nilisaini. Kambo anaimba mu chumba cheusi, bantu banakaa ku mabenchi banamusikiliza, na ku ukuta baliandika "Mukusanyaji: Yassine Abibu". Na dua ya Muzee Hassani iko mule, na ile habari ya kaka yake.

Site nimeizima hii asubui. Ile ya maonyesho siwezi kuitoa, niliwapa haki. Nimeandika nikilomba, habajajibu.

Nisamehe. Wewe njo ulinilea, unajua mimi siko muntu mubaya.

Mudogo yako,
Yassine


Liège, 2 mwezi ya kenda 2024

Yaya, hujibu barua, hukamate téléphone. Claudine pia ananikatia. Niambie hata neno moja. Hata nitukane.

Mudogo yako


Kamalondo, 22 mwezi ya kenda 2024

Yassine,

Salam. Natumaini uko muzima. Sisi tuko.

Ulilomba nikutukane. Nilijaribu, matusi yote nilikuta ni madogo.

Mukusanyaji! Ulikusanya nini, wewe? Ulikaa ku muguu ya Kambo ukimupangusa jasho ili amalizie ubeti? Ulikata tawi? Mimi nilichagua modem na wewe, nikachagua antenne na wewe, adresse ya kudumu nikaipigania nikiwa na njaa ya Ramadhani, kwa sababu moja tu, ili kufunga kuwe mu mukono yangu. Ulijua sababu. Nilikuandikia tangu barua ya kwanza. Ulisoma mara mbili, ulisema mwenyewe.

Bazee banasemaka kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa naangalia mulango, naogopa bwana wa magnétophone atarudia. Kumbe nilikuwa nimemuvalisha soksi mimi mwenyewe.

Nilipita nyumba kwa nyumba, kwa kila muntu mwenye sauti yake iko mule. Niliwaambia kweli yote, na sikuficha jina lako. Muzee Hassani alinisikiliza mupaka mwisho. Akasema: "Nirudishie yangu." Niliiweka mu ka-carte kadogo ka kuchunga sauti, nikaifuta ku mashini mbele ya macho yake, nikamupa. Akaigeuza mu vidole. Akauliza: "Na ile ya kule?" Nikasema ile ya kule siwezi, Muzee. Alinijibu kwa upole, Yassine, upole njo iliniua: "Basi hukunirudishia." Tangu ile siku tukikutana ku njia anasalimia tu bantu benye niko nao.

Arobaini ilipita. Kiisha dua nilitoa ordinateur uani, bila antenne, bila kintu, na ka-haut-parleur, ka kukuza sauti, ya jirani, ule wa avocatier. Nilifungua Kambo. Tulikuwa wachache. Aaron alikuya, alibakia amesimama ku mulango na kofia mu mukono. Bamama baliimba naye ubeti benye banaijua, benye habaijue balinyamaza, na hapo yeye alibakia peke yake anaimba. Ilikuwa muzuri. Nilitaka uwepo, na nilifurahi hukuwepo.

Kesho yake Aaron alishusha antenne. Modem nakurudishia, Pierre ataibeba. Nimeifunga mu soksi zako, tulizifua.

Nitakuambia kintu yenye siwezi kuisamehe, na haiko maonyesho. Ni taa. Kambo alikaa mbele ya ile taa mupaka siku zake za mwisho. Hakuwa na nguvu ya kuinua kikombe, lakini ikimemeta alikuwa anasema karibu. Siku alikufa, asubui, alisema: "Rachida, kuna mugeni, mufungulie." Alikuwa anakukaribisha wewe, Yassine. Ulikuwa unaingia kila siku mu nyumba yetu, unakamata, unatoka, na mwanamuke wa miaka yake anakuambia pita ndani, pita.

Jana nilipita mbele ya kabati. Hapana modem, hapana taa, ni alama tu ya vumbi. Mudomo yangu ilisema karibu yenyewe.

Usiandike tena. Ukitaka kumusikia Kambo, masharti yake unayajua: kuya, piga hodi. Nitasikia hodi yako, naijua tangu uko mutoto. Lakini kama nitafungua, Yassine, mimi mwenyewe sijui.

Rachida